Kiti cha Mama na Rangi Mpya

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, siku tuliyopaka rangi chumba cha kulia cha baba yangu. Juzi ulinionyesha picha kwenye simu, ukaniuliza ni rangi gani itafaa chumba chenu cha kulia, nami nikanyamaza. Usidhani nilikudharau. Akili yangu ilikuwa imerudi kwetu Litein, miaka ya tisini, kwenye harufu ya rangi na majani ya chai yaliyotoka kunyeshewa.

Mama yangu alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Mimi na mdogo wangu Ngetich, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, tuliona heshima kubwa ya kumpa ni kuacha kila kitu jinsi alivyokiacha. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango wa kuingia jikoni, kimetandikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Mgeni akitaka kukikalia, Ngetich alimwambia kwa upole ahamie kingine. Kalenda ya mwezi aliofariki ilikuwa bado ukutani. Vibuyu vyake viwili vya maziwa vilining'inia pale pale, vitupu, maana baada yake hakuna aliyevigusa.

Baba naye alikuwa ameacha kula mezani. Alibeba sahani yake akaenda kukaa kwenye benchi karibu na zizi, na ukimuuliza anasema ndani kuna joto. Joto la Litein, mwezi wa saba! Ng'ombe wenyewe walikuwa wanatetemeka. Chakula kilirudi nusu, mara nyingine kikarudi chote, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Niliogopa, mwanangu. Nilijua tunazika wa pili, ila sikujua tumshike vipi.

Bonasi ya chai ilipotoka, Ngetich alinunua rangi. Alisema tukiking'arisha chumba, mzee atarudi mezani. Alinunua kijani ya kupaka chini mpaka kiunoni, pale watoto wanapopapasa kwa mikono, na nyeupe ya juu, zile zile alizozichagua mama zamani. Kabla ya kusogeza vyombo alipiga magoti na chaki, akazungushia alama kila mguu wa kiti na wa meza, ili rangi ikikauka kila kitu kirudi mahali pake. Nilimwona ana akili sana.

Tukiwa hapo akaingia Shangazi Tapkigen, dada mkubwa wa baba, amekuja na ndizi zake kutoka Sotik. Alitazama chini, akaona zile alama za chaki. Hakuketi.

"Chelangat, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya baba, shangazi."

"Na baba yenu anakula wapi?"

"Kule kwa ng'ombe."

"Basi hapa hamchungi nyumba. Mnachunga kaburi. Mmemuuliza yeye anataka nini?"

Hatukuwa tumemuuliza. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tukimtandikia baba kitanda ambacho hatukuwahi kukilalia hata usiku mmoja.

Shangazi akashusha kibuyu kimoja, akakigonga kwa kidole. Unga wa wadudu ukamwagika sakafuni. "Kibuyu bila maziwa kinaliwa," alisema. "Si hamkujua hiyo? Nyinyi watoto wa Wakipsigis!" Kisha akamwita baba kwa sauti ya kumwita mvulana, maana kwake yeye baba alikuwa mvulana tu.

Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alituangalia, akaiangalia rangi, mwisho macho yakatua kwenye kile kiti. Nilidhani atatukemea kwa kutaka kukisogeza.

"Hiyo kiti," alisema polepole, "kila nikikaa hapa kula, inaniangalia."

Ngetich alijifanya anakoroga rangi.

"Ningesema, lakini niliona mnaipenda. Nikasema wacha nisiwasumbue."

Unasikia hayo, mwanangu? Sisi tulikuwa tunamhifadhia yeye, na yeye alikuwa anatuvumilia sisi, huku njaa ikimmaliza katikati yetu.

Shangazi akamuuliza anataka chumba kiwe vipi. Basi mzee akaingia. Alisema kijani iachwe, chumba chote kipakwe rangi ya maziwa, maana kina giza. Meza isukumwe dirishani, aone chai yake na wanaochuma. Kalenda aliitoa mwenyewe, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni mwa koti. Kuhusu kiti alisema kipelekwe jikoni karibu na moto, kwa sababu hapo ndipo mama alipopenda kukaa jioni. Ngetich alichukua kitambaa chenye maji, akafuta chaki yake yote bila kuambiwa.

Kile kibuyu cha pili kilikuwa kizima. Shangazi alikalia kiti cha mama pale jikoni, akakiosha kibuyu, akakisugua ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichoshika moto ili kinukie, akatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Akakaa nasi siku kadhaa mpaka mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, ikaiva.

Siku ilipoiva, baba alikaa mezani pale dirishani. Nilimwekea ugali na mboga, nikageuka kwenda zangu jikoni kama kawaida. Akaniita. "Chelangat, kaa. Chakula ya mtu mmoja haina utamu." Nikakaa. Alimimina mursik, akala, akasema wachumaji wa jirani wanaacha majani mengi mno. Halafu akasukuma sahani kuelekea kwangu. "Kuna ugali ingine?"

Nilienda kumletea, na pale jikoni nikalia nimeshika mwiko. Furaha, mwanangu, furaha tupu.

Kwa hiyo rangi nitakuchagulia, usijali, macho bado ninayo. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kabla hujanunua hata brashi, mwite kila anayekula kwenye meza hiyo, hasa yule asiyelalamika, umuulize anapenda kukaa wapi na macho yake yanakimbia nini. Kuuliza si ujinga. Na waliotutoka usiwawekee kiti kinachomfukuza aliyebaki. Watafutie mahali penye moto, na kibuyu chao ukijaze maziwa.

Mungu aibariki meza yenu. Kila atakayeikaribia avute kiti bila woga, na asiwepo mtu wa nyumba yako atakayekula kwa ng'ombe huku wewe ukidhani ameshiba.