Kazi: Mkulima

Mwaka wa nne huu nasoma habari za mishahara ya watu waliokufa zamani. Tasnifu yangu inahusu wanajeshi wa Amerika ilipokuwa jamhuri changa: nani alilipwa, nani alidhulumiwa, karani yupi aliharibu. Mama yangu huko Nakuru huwaambia watu wa kanisani kwamba nasomea uhasibu, nami simkosoi.

Chumba nilichopanga Glenwood, hapa Durban, kinapakana na cha mume na mke Wakongo niliowaita Papa na Mama. Papa alilinda magari nje ya duka moja la Barabara ya Umbilo, kifua mbele, visigino pamoja. Kwao alikuwa mwanajeshi miaka kumi na tisa, na namba yake ya jeshi aliijua kwa ghibu kama Baba Yetu.

Walipofika Durban, mimi ndiye niliyewajazia fomu za ukimbizi. Watu wa kwenye foleni walikuwa wamemtisha: ukisema ulishika bunduki, watakurudisha. Kwenye fomu, foleni ile ina walimu wengi kuliko chuo chetu. Penye kazi nikaandika "mkulima". Papa akacheka, akasema jembe hajalishika tangu azaliwe, kisha akaweka kidole gumba. Mkewe akaandikishwa katika faili hilohilo.

Mwaka jana ikaja habari kutoka kwao kwamba askari wa zamani wanaandikishwa, wapate kiinua mgongo. Papa akatuma namba yake na nakala ya karatasi ya ukimbizi. Wakamjibu kwamba karatasi yake mwenyewe inasema ni mkulima, na askari hawamjui mkulima.

Kosa jingine ni langu pia. Mimi mdomo sina breki. Nilikuwa nimewasimulia, tukinywa chai ngazini, jinsi ofisi ya vita ya Waamerika ilivyoungua na karatasi zikateketea. Baadaye askari wale, wakiwa wazee, walipotaka pensheni walikwenda mbele ya hakimu, wakataja makapteni wao na vita walivyopigana, na waliowajua wakaapa kwamba ni kweli. Papa aliisikiliza hadithi ile mpaka chai ikapoa.

Akaja kunigongea Jumapili moja baada ya ibada, bado amevaa koti.

"Mwalimu, bale bazee bako ba Amerika, nani aliapa juu yao?"

"Waliowajua, Papa. Hata majirani."

"Basi. Mimi jirani yangu iko wewe."

Alitaka niandike kwamba lile neno "mkulima" ni la mkono wangu, na kwamba si kweli. Nikamwambia nikiandika hivyo, faili lote litakuwa la uongo, na Mama atakosa karatasi ya kukaa hapa. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaifikiria viza yangu ya masomo kwanza, kabla ya Mama. Nililifikiria hilo upesi mno, na tangu siku ile sijipendi.

"Eish," akasema. "Sawa, Mwalimu." Akavaa kizibao chake cha njano juu ya koti, akaenda kwenye magari.

Hakuniomba tena. Ugonjwa wa mapafu ukamshika kipindi cha baridi, na hakufika Agosti. Wiki hiyohiyo nilikuwa nikisahihisha sura ya tatu, yenye majina ya askari wa kawaida ambao hakuna mtu aliyewauliza habari zao kwa miaka mia mbili. Msimamizi wangu alisema nimewarudishia heshima yao. Nililia ofisini kwake, akadhani ni furaha.

Nilimsindikiza Mama kuandikisha kifo. Karani alikuwa mpole, akatupa fomu na kalamu. Tukafika penye kazi ya marehemu. Mkono wangu ukasimama. Namba yake ya jeshi nilikuwa nayo kichwani, nimeisikia mara nyingi mno.

Mama alikuwa ameshika karatasi yake ya ukimbizi kwa mikono miwili. Ilikuwa inakaribia kwisha muda.

"Andika tu ile ya zamani, Mwalimu," akasema. "Yeye ameisha kufa. Mimi ningali."

Nikaandika mkulima, kwa herufi kubwa, kama fomu ilivyotaka.