Gari la Mkwe Halikaguliwi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua wengi wenu mnatafuta gari la kwanza, na mnatafuta dogo, kuukuu, ambalo mtu anayeanza kazi anaweza kulimudu. Hiyo si aibu. Mimi sitawafundisha mambo ya magari. Sijawahi kushika usukani, na shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchuma chai. Nataka tu kuwaambia jinsi mtu mzima anavyoweza kuharibu jambo la kijana huku watu wakimsifu kwa busara. Mtu huyo ni mimi. Na kilichoharibika ni mkono wa kulia wa mjukuu wangu.

Mjukuu huyo nimemlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alienda kufanya kazi mbali mtoto akiwa na miaka minne, akawa mtu wa Krismasi. Msichana akakua mgongoni mwangu na ndani ya chai. Alisomea uuguzi, akapata kazi katika zahanati moja upande wa Chepilat, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzalisha. Akirudi nyumbani hata kiatu hajavua, ananiambia, "Kogo, leo nimepokea wawili." Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Halafu ananionyesha kwa mikono yake jinsi kichwa cha mtoto kinavyoshikwa, jinsi kiganja kinavyogeuka polepole ili bega litoke. Mimi nimezaa watoto saba na sikuwahi kuona mtu akifanya jambo hilo kwa furaha hivyo.

Lakini sisi tunakaa juu, ng'ambo ya Litein, na barabara yetu ni ya udongo. Kazini alitakiwa saa mbili asubuhi. Mvua ikinyesha, na huku kwetu inanyesha karibu kila siku, pikipiki inateleza kama sabuni. Mara mbili alianguka nayo, akafika kazini sare nyeupe imekuwa nyekundu kwa udongo. Mara ya pili nilimwambia mimi mwenyewe, "Tafuta gari. Sitaki kuletewa wewe kwa blanketi."

Alitafuta kwa makini. Miezi miwili alikuwa akiuliza watu, akiandika kwenye kijitabu, akilinganisha. Mwishowe akapata moja kule Kabianga, la mama mmoja aliyekuwa akifundisha chuo kikuu na sasa anahama. Tukaenda kuliona, mimi, yeye, na mwanangu kitindamimba. Fundi wake wa pale Litein, kijana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, alitangulia na pikipiki.

Gari lilikuwa jekundu lililopauka. Mlango mmoja ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Mwenyewe alitoa daftari, ndani ameandika kila mara alipobadilisha oili, kila mara alipoweka breki mpya. Fundi akatandika gunia, akalala chini ya gari muda mrefu hadi nikaona miguu yake tu na nikadhani amesinzia. Alipotoka alijipangusa, akanigeukia mimi bibi kizee, akasema, "Shosho, hii imezeeka vizuri. Kama wewe."

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama ule mlango. Na nilikuwa nimehesabu kwamba tangu tufike, yule mama hajatupa hata maji.

Tukiwa njiani kurudi nilisema, "Hiyo hapana."

"Kwa nini, Kogo?"

"Mtu anayehama hauzi kitu kizuri. Anauza mzigo. Na ikiharibika, utamfuata wapi? Ng'ombe hununuliwa nyumba unayoijua. Akikataa kutoa maziwa, unajua mlango wa kwenda kulia."

"Kogo, hii si ng'ombe. Fundi ameiangalia kila mahali. Huo mlango ni rangi tu."

"Mimi naona kile naona."

Mwanangu akaongeza, "Na nyekundu, kweli? Watu watasema mmenunua gari ya kuuza mandazi." Hapo tukacheka wote, isipokuwa msichana. Alifunga kijitabu chake.

Sasa niwaambie juu ya pamwai wangu. Pamwai ni vile sisi Wakipsigis tunavyoitana, wazazi wa mume na wazazi wa mke. Huyu ni baba wa mke wa huyo kitindamimba wangu. Ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo. Alikuwa na gari dogo jeupe, linang'aa kama yai lililooshwa. Kila Jumamosi analiosha, anapanguza hata matairi. Jumapili anaenda nalo kanisani, analirudisha, analifunika turubai. Aliposikia tunatafuta, akaja Jumapili baada ya ibada, akaketi, akasema, "Mnazungukazunguka mkitafuta gari na mimi ninayo. Macho yangu yamechoka. Ichukueni."

Nilifurahi mpaka nikachinja jogoo. Gari safi, mwenyewe namjua, boma lake nalijua, na pia itakuwa heshima kati ya nyumba mbili. Mnajua, au kama hamjui nawaambia, kwamba kwetu mtu hafungui mdomo wa ng'ombe aliyetoka kwa pamwai kutazama meno. Akileta, unashukuru. Ukikagua, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwongo.

Chai ilikuwa inamiminwa msichana aliposema, kwa adabu, amesimama, "Mzee, asante sana. Naomba kesho nilete fundi aipime."

Niliweka birika chini. Pamwai, na hili nilisikia kwa masikio yangu, alisema, "Si mbaya. Alete tu."

Nami nikadakia, "Pamwai, usimsikilize. Watoto wa siku hizi hata uji wa mama yao wanataka upelekwe maabara."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Msichana alingoja kiishe. Halafu akasema polepole, kwangu tu, "Kogo, gari kukaa sana bila kutembea pia ni ugonjwa."

"Na mdomo kutembea sana ni nini?"

Wakacheka tena. Mwanangu alijipiga paja. Mjukuu wangu akachukua vikombe, akaenda jikoni. Na mimi nikaona nimeshinda.

Gari likaja. Nilifunga majani ya segutiet, nyasi yetu ya baraka, kwenye kioo chake, nikalinyunyizia maziwa kidogo, tukaomba. Alisimama kando ameinamisha kichwa, akasema amina kama wengine. Aliendesha vizuri, taratibu, na kwa wiki mbili nilikuwa nasikia mlio wake ukishuka asubuhi nikijisemea, angalau leo hatafika na matope.

Wiki ya tatu aliniambia, "Kogo, breki inaenda chini kuliko juzi. Jumamosi naipeleka Litein kwa fundi."

Jumamosi hiyo kulikuwa na sherehe kwa kina pamwai, ndugu yao anaoza binti. Nilitaka gari lionekane pale. Nilitaka waone kwamba tulipokea na tunatumia. Nikamwambia, "Fundi hahami. Utaenda wiki ijayo." Akatupeleka. Watu walilizunguka, wakalisifu. Pamwai alilipapasa boneti kama mtu anayemsalimia mtoto wake aliyeolewa.

Jumanne asubuhi nilipanda naye kwa sababu nilikuwa na mitungi miwili ya maziwa ya kupeleka kwenye kituo cha maziwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha lakini kulikuwa kumekucha vizuri, jua limeshika majani. Kutoka kwetu unateremka mteremko mrefu, chini kuna daraja dogo, na saa hiyo wachumaji huwa wanavuka pale na vikapu mgongoni, wengine na watoto wanaoenda shule.

Katikati ya mteremko nikaona mguu wake ukikanyaga, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakupiga kelele. Alisema, "Kogo, breki imeenda. Jishike."

Mimi nilishika mitungi. Hebu fikirieni. Nilishika maziwa.

Akavuta breki ya mkono, gari likatikisa matako, likaendelea kuteleza. Alibonyeza honi. Watu wa darajani wakageuka kututazama na hakuna aliyekimbia, maana gari hilo walilijua, walidhani tunawasalimia. Basi alizungusha usukani kwa nguvu zote, tukatoka barabarani, tukaingia ndani ya chai ya jirani. Chai ya zamani ina mashina kama ngumi za wanaume. Ilitupokea, ikavunja taa, ikavunja kioo, ikatusimamisha mistari minne kutoka barabarani. Maziwa yalinimwagikia shingoni hadi miguuni. Mimi nilipata mkwaruzo kwenye kidevu.

Yeye alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekaa vibaya, umegeukia mahali ambapo mkono haugeukii.

"Umeumia, Kogo?" Ndivyo alivyoniuliza.

Fundi alikuja kulivuta gari na trekta. Alinionyesha kipande cha bomba jembamba la breki, akakivunja kwa vidole viwili kama biskuti. "Shosho, ona. Hii imekuwa ikioza pole pole. Kuoshwa kila wiki, kufunikwa na unyevu, haitembei. Ningelala chini yake dakika kumi ningeiona." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma risiti.

Mkono ulipona kwa jina. Waliuweka chuma, wakautoa plasta, akafanya mazoezi ya kufinya mpira mpaka nikauchukia huo mpira. Kalamu anashika. Kijiko anashika. Lakini kiganja hakigeuki tena hadi mwisho, na kazi yake ilikuwa kwenye kule kugeuka. Zahanatini hawakumfukuza, walimhurumia. Wakamweka dirishani. Sasa anaandika majina ya akina mama wanaokuja kujifungua, anawapa kadi, halafu mlango wa ndani unafungwa na yeye anabaki nje na daftari. Harudi tena akisema amepokea wawili. Anarudi, anavua viatu, anaulizia kama ng'ombe wamekamuliwa.

Pamwai alikuja na mke wake. Alikaa na kofia magotini, akasema, "Mimi sikujua, pamwai. Mungu ananiona."

"Najua hukujua."

"Ile siku nilisema alete fundi."

"Ulisema."

Ningependa angenigombeza. Mtu akikugombeza unapata mahali pa kusimama ukajitetea. Mjukuu wangu vilevile, hadi leo hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningemjibu, maana mdomo ninao, na labda katikati ya kujibu ningelia tukamaliza. Siku moja tukiwa shambani nilijikaza nikamwambia, "Lile gari nililikosea. Wewe nilikukosea." Alikuwa anachuma kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia unafuata nyuma kama mtoto anayejifunza. Akasema, "Kogo, chuma. Wanakaribia kufunga kituo, majani yatakataliwa." Nikachuma.

Lile jekundu la Kabianga tuliliona siku moja sokoni Litein. Alilinunua mwalimu fulani kijana. Mlango bado umebonyea, hata hakujali kuunyoosha, na nyuma amepakia magunia ya viazi. Lilipita mbele yetu likipanda kilima bila kelele. Mjukuu wangu alikuwa amebeba vitunguu. Alisimama akalifuata kwa macho hadi likapinda.

"Bado inavuta vizuri," alisema.

Nilichukua vitunguu nikabeba mimi.

Mvua za mwaka huu zilipopungua, jioni moja jua halijatua, tumekaa wote tunakula, aliweka sahani chini akasema, "Nimeona gari. Ndogo, ya zamani, haina gia za kubadilisha, mkono wa kushoto hautaachia usukani. Iko Sotik. Kesho naenda na fundi." Alisema akitazama sahani. Mkono mbovu alikuwa ameuficha chini ya meza. Tangu ile siku tulipoingia ndani ya chai ya jirani hakuwa amekaa nyuma ya usukani hata mara moja.

Basi nyumba ikaanza. Mwanangu akauliza, "Ni rangi gani? Sio nyeupe tena, eh?" Mke wake akasema kuna binamu yake anayeuza magari, wangemwuliza yeye kwanza. Mwanangu akasema hata yeye anajua mtu pale Sotik, angempigia amsubiri, na afadhali waende wote, msichana peke yake atadanganywa. Na mimi, niwaambie ukweli, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nataka kuuliza: hilo gari ni la nyumba gani?

Nikauona uso wake. Ulikuwa unafungwa, kama kile kijitabu.

Niligonga meza hadi vikombe vikaruka. Nikawaambia, "Nyamazeni wote. Mtoto anaenda na fundi wake. Hakuna mtu wa boma hili atakayemfuata, wala kumpigia simu, wala kumtuma mtu. Akiileta, tutatoka nje kuiona. Akirudi bila gari, atapewa chakula na hataulizwa neno. Na kesho asubuhi mkiniona mimi natafuta viatu, vificheni."