Ukuta wa Beto Mbichi

Mama anasema nyumba haijaisha. Mimi nasema iliisha tangu kiangazi. Tunabishana hivyo kila Jumapili tukitoka misa, na nimechoka hadi mu mifupa.

Nilisomea kuchora majengo. Kuna ujenzi moja ninapenda kuliko yote, wanauita brutalisme: beto, ile zege ya simiti, inabaki wazi, uzito wake unaonekana, hakuna karo za kubandika wala rangi ya kuficha kitu. Hata alama za mbao zenye beto ilimwangiwa ndani zinabaki kwa ukuta. Jina linatoka kwa Kifaransa, béton brut, ni kusema beto mbichi. Mama akauliza kama nilisoma miaka yote ile ili nimuletee kitu kibichi.

Nilimujengea hivyo mu mutaa wetu wa Majengo, pembeni ya nyumba yake ya mbao yenye kuvuja. Asubuhi jua likipiga ule ukuta, vivuli vidogo vinatembea mu alama za mbao. Ni muzuri, jamani. Nitasema hivyo mupaka nikufe.

Lakini kwetu, watu wa Butembo, mutu halali mu nyumba mupya kabla padiri hajaibariki. Na kwa mama, nyumba bila rangi ingali shantie, kazi ya ujenzi haijaisha, na hawezi kumwita padiri mu shantie. Basi akabaki kwa mbao, mvua inamunyeshea, na nyumba nzima iko tupu pembeni! Majirani wanapita wanamupa pole, wanauliza kama mutoto wake alikosa simiti ya kupaka ukuta. Simiti! Ukuta wote ni simiti!

Mwezi uliopita alikohoa mupaka akashindwa kumaliza rozari. Nikapandisha hasira. Nikamuuliza ni rangi gani hiyo inapita afya yake.

Akanikumbusha kwamba nyumba ya Beni aliikimbia sababu ya vita, kabla ya kupiga krepi, ile simiti ya kulainisha kuta. Ya Mugunga aliiacha kuta zikifika kwa madirisha, vita tena.

"Sijawahi kumaliza nyumba," akasema. "Nataka moja iishe, niione na macho yangu."

Nilienda kununua rangi mimi mwenyewe. Alichagua roza, rangi ya waridi yenye kuumiza macho. Fundi alipoanza kufunika ule ukuta wangu niliumia sana, machozi yakanitoka, na mama, kwa kiti chake, alikuwa anamuonyesha fundi sehemu zenye alisahau.

Padiri alikuja Jumamosi, akabariki, akasifu rangi. Mama akazunguka nyumba polepole, mukono kwa ukuta, mupaka akarudi kwa mulango penye nilisimama.

"Sasa iliisha," akaniambia. "Hata tukikimbia kesho, nitakuwa nimeacha nyumba."