Mkono Uliovunjika na Uji wa Mwethya

Mwethya ni kundi letu la kina mama la kuchimba matuta: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye huleta uji. Kila zamu yangu ilipofika niliumimina ukichemka ndani ya mtungi wa plastiki uliowahi kubeba dawa ya kunyunyizia maembe. Nilikuwa nimeusugua kwa jivu na mchanga hadi harufu ikaisha, nikajisifu kwamba mimi situpi kitu.

Mwaka huu niliteleza kwenye tuta, nikaangukia mkono, ukavunjika. Kwa anguko lile hata mtoto angeinuka akicheka.

Daktari kule Machakos mjini alinipima mifupa, akasema imepungua nguvu. Mifupa, alinieleza, hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na homoni ndizo wasimamizi. Hedhi ikishakoma, wasimamizi hupungua. Kisha akauliza kuhusu shamba na jiko langu. Nilipotaja mtungi, aliweka kalamu chini. Alisema baadhi ya kemikali za dawa za shamba na za plastiki, hasa plastiki ikitiwa kitu cha moto, huvuruga homoni na huenda zikadhoofisha mifupa. Kama ndizo zilizonivunja mimi, hakuweza kusema. Umri peke yake ungetosha. Ila mtungi ule basi, na jembe nisiliguse mpaka aniruhusu.

Niliona aibu, maana uji ule waliunywa wenzangu wote. Lakini sitadanganya: kilichoninyima usingizi ni jembe. Sheria yetu ni kwamba asiyechimba hachimbiwi, na aliyeishikilia kwa meno siku zote ni mimi.

Siku ya mkutano nilisema yote, la mtungi na la jembe. Wakatazamana. Kumbe watatu wengine walikuwa na mitungi kama wangu. Tuliitoboa yote siku hiyo hiyo isitumike tena, huku wakinitania kwamba ndiyo maana uji wangu ulisifiwa.

Mwenyekiti, mama mkavu asiyebembeleza mtu, alingoja kicheko kiishe.

“Wewe utakuwa unashika kamba ya kupima matuta. Hiyo haiko na uzito,” alisema. “Na uji ukuje na sufuria.”

Akafungua daftari, akaanza kuita majina ya zamu za kuchimbiwa. Langu lilikuwa pale pale, la tisa kama siku zote. Niliitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.