Kibuyu cha Veronica na Mzio wa Mkwewe

Pale Murungu, wilaya ya Kibondo, hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwa Veronica siku ya Noeli bila kunywa maziwa. Si chai, si soda. Ni maziwa ya ng'ombe wake Gaju, yaliyochemshwa asubuhi, yakapozwa, yakatiwa katika kibuyu kidogo cha shingo nyembamba alichoachiwa na mama yake. Anakupa kwa mikono miwili, kisha anasimama mbele yako akikutazama mpaka umalize. Ukibakiza hata tone, anakuuliza kwa upole kama kuna mtu amekukosea hapo nyumbani.

Mtu mwenye akili zake anamaliza.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyu, pamoja na maziwa yake yote, hakuwa na bahati ya wanaume wa kukaa mezani. Wa kwanza alikuwa mumewe, marehemu Stanislaus, fundi seremala, mpole kupita kiasi. Kila Noeli, kwa miaka thelathini na mmoja, Stanislaus alikunywa kibuyu chake mpaka chini, akasema, "Maziwa mazuri, mama Moses," kisha akainuka kwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki kule bondeni. Wageni wamejaa, katekista anasimulia habari za Kigoma mjini, wali unafuka moshi, mwenye nyumba yuko kwa nyuki. Alikuwa akirudi baada ya saa nzima, mikono mitupu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. "Hao nyuki wana nini ambacho mimi sina?" Veronica alimuuliza mwaka baada ya mwaka. Stanislaus alikuwa akicheka na kusema nyuki hawapendi kuachwa peke yao sikukuu. Amefariki miaka tisa sasa, na mpaka leo Veronica akimwona nyuki kwenye maua ya maharage anamsonya.

Wa pili ni mkwewe, Lusajo. Huyu ni Mnyakyusa wa Rungwe, serikali ilimleta Kasulu kufundisha hesabu sekondari. Akaenda duka la dawa kununua vidonge vya kichwa, akamkuta muuzaji ni Yusta, binti wa Veronica, na kichwa kikaendelea kumuuma kila Jumamosi mpaka walipofunga ndoa. Wana mtoto mmoja, Careen, wa miaka sita. Kijana mwenyewe ana adabu, anamwamkia mama mkwe kwa Kiha cha kubabaisha, "Mwakeye, mama," salamu ya asubuhi, hata kama ni saa kumi jioni. Veronica alimpenda.

Lakini Noeli ya kwanza Lusajo alipomaliza kibuyu, alisimama akasema anapanda kilimani kutafuta mtandao. Alikaa huko mpaka wali ukapoa. Noeli ya pili, kilimani. Ya tatu, kilimani. Ya nne alikwenda akikimbia. Ya tano alisema yuko kwenye dawa, hawezi kunywa kitu. Ya sita hawakuja kabisa, Yusta akapiga simu kusema mumewe anasahihisha mitihani. Veronica hakusoma sana, lakini anajua kwamba hakuna mwanafunzi anayesubiri alama zake tarehe ishirini na tano Desemba.

Roho ilimuuma. Alikuwa amesikia kwamba kule Rungwe maziwa ni kama maji ya mto, basi akajua mkwewe anamdharau Gaju, na anayemdharau Gaju anamdharau na mwenye Gaju. Akaanza kupiga hesabu zake. Mkwe akikataa kunywa mkononi mwako, mwaka unaofuata anakataa kuja, na mwaka wa tatu anaomba uhamisho kwao. Mjukuu utabaki kumwona kwenye picha za simu. Hilo la Careen ndilo lililomkaa kooni. Akajiapiza kwamba Noeli hii atajua amekosea wapi, na atarekebisha.

Mwanzoni mwa Desemba Yusta akapiga simu.

"Mama, mwaka huu tunakuja. Ila tafadhali, baba Careen usimpe maziwa. Tumeenda kwa daktari, imeonekana ana mzio."

"Ana nini?"

"Mzio, mama. Mzio wa maziwa."

Simu ikakatika.

Sasa hapa inabidi tuelewane. Mzio wa hospitalini ni mwili kukataa kitu. Lakini Veronica Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni na kanisani, na sikio lake limebaki kuwa la Kiha. Kwa Kiha, umuziro ni kile ambacho ukoo wenu umekatazwa tangu enzi za mababu. Kwao Veronica hawali pongo, yule swala wa porini. Hakuna anayeuliza sababu. Ukimla, ngozi inatoka mabaka na meno yanang'oka, na mazungumzo yanaishia hapo.

Aliweka simu chini akiwa mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Kumbe si dharau! Akakatiza shamba la muhogo mpaka kwa jirani yake, Ininahazwe, mwanamke ambaye wazazi wake walitokea Burundi na ambaye habari ya aina hii haimpiti.

"Mkwe wangu ana umuziro," Veronica akamwambia. "Wa maziwa. Miaka yote hiyo namvunjisha mwiko wa ukoo wake, naye ananyamaza kwa heshima."

Ininahazwe akashika shavu. "Nani kagundua?"

"Daktari wa Kasulu."

"Daktari?" Ininahazwe akafikiri kidogo. "Siku hizi wanasomeshwa mpaka mambo ya koo."

Wakakubaliana kwamba serikali nayo, ikitaka, inajitahidi.

Veronica akaanza kazi. Gaju alihamishiwa kwa Ininahazwe mpaka sikukuu ipite, akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Masufuria yalisuguliwa kwa majivu mara tatu. Kibuyu chenyewe kilifungwa kwenye kanga kikatundikwa nyuma ya mlango, kikiangalia ukuta, maana hakuna haja ya mtu na umuziro wake kutazamana.

Wageni walifika tarehe ishirini na nne. Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, ilimiminwa chai ya rangi. Moses, mtoto wa kwanza wa Veronica, ambaye anaendesha bodaboda Kibondo mjini, alikitazama kikombe chake muda mrefu.

"Bi mkubwa, Noeli na chai kavu? Tumefiwa?"

"Kunywa unyamaze," mama yake akamwambia. "Kuna mambo ya watu."

Lusajo, ambaye alikuwa amejiandaa na vidonge viwili mfukoni, alitazama kulia na kushoto, hakuona kibuyu, akashusha pumzi. Veronica akaona hiyo pumzi, na moyo ukamjaa. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akaanza kumchunguza kwa adabu, kama inavyompasa mama.

"Mwalimu, na nyama ya ng'ombe mnakula?"

"Nakula sana, mama. Maziwa tu ndiyo shida."

"Na babu yako naye alikuwa hivyo hivyo?"

"Babu?" Lusajo akacheka. "Babu alikuwa anakunywa lita mbili kwa siku."

Veronica akashtuka, ila hakuonyesha. Lita mbili! Mtu mzima, anavunja mwiko wa ukoo wake mchana kweupe.

"Alifariki na nini?"

"Uzee tu, mama. Alikuwa na miaka tisini na minne."

Veronica akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Angefika mia."

Lusajo hakuelewa, lakini mkwe haulizi kila kitu. Akanywa chai yake.

Jambo moja tu lilimtia Veronica wasiwasi. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na hivyo umuziro wa Lusajo ni wa Careen pia. Sasa Careen huyu hajawahi kuambiwa habari za ukoo wowote. Alichokuja kukifuata Murungu ni Gaju, na kwa kuwa Gaju hayupo zizini, alifuata alama za kwato mpaka kwa Ininahazwe. Ininahazwe kwa upande wake anaogopa umuziro, lakini anaogopa zaidi mtoto aliyesimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa pembeni. Saa sita Careen alirudi nyumbani akiruka kwa mguu mmoja, ana masharubu meupe.

Veronica akamvuta nyuma ya jiko, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akatazama kulia na kushoto.

"Umekunywa kiasi gani?"

"Vikombe viwili, bibi. Na kidogo."

Veronica akaomba kimoyomoyo kwamba wazee wa Rungwe wawe wamesafiri.

Chakula kikaandaliwa. Kulikuwa na wali, ndizi za kupikwa, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yakawa mekundu, na mbuzi ambaye Moses alimchinja mwenyewe. Wote wakakaa. Lusajo alikuwa anakula kama mtu aliyesamehewa jambo, anaongeza maharage, anasifia, na kilimani hatazami kabisa. Veronica akamwangalia akisikia raha mpaka machozi yanamlengalenga. Sita zimepita, hii ya saba ndiyo Noeli.

Ndipo Careen alipouma mfupa, akanyamaza, akaingiza vidole mdomoni, akatoa jino.

"Bibi, ona."

Upawa ulimtoka Veronica mkononi ukaangukia kwenye maharage. Akapiga magoti mbele ya mkwewe, kitu ambacho hakifanyiki, hata Moses akasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Mtoto hana kosa. Ng'ombe nilimweka karibu, ningempeleka mbali. Mtoto amekunywa, na meno yameanza. Niambie kwenu mnasafishaje. Kama ni kondoo, nitatoa kondoo."

Lusajo alikuwa na tonge mdomoni na hakujua alimeze au alitoe. "Mama, inuka, nakuomba. Jino lilikuwa linalegea tangu Jumatano. Tusafishe nini?"

"Umuziro wa ukoo wako."

Yusta ndiye aliyeelewa kwanza. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

"Mama," akasema alipoweza, "si umuziro. Ni mzio. Si ukoo, ni tumbo. Tumbo lake haliwezi kusaga maziwa. Yakifika ndani yanaumuka kama unga wa maandazi, na baada ya hapo anahitaji choo, tena upesi."

Veronica akainuka taratibu, akakaa. Alifikiri. Kisha akamgeukia Lusajo.

"Kwa hiyo kule kilimani…"

"Hakuna mtandao kule, mama," Lusajo akasema, macho chini. "Kuna kichaka tu."

Moses alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Veronica hakucheka.

"Miaka minne. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unasimama unanitazama, mama. Unafurahi mno. Nikaona ni saa moja tu ya tabu, kwa mwaka mzima."

"Hata wala si yeye peke yake," Yusta akaongeza, akijifuta macho. "Wako wengi, na wengi hawajui. Dukani kwetu kila sikukuu ikipita wanakuja kutafuta dawa ya tumbo. Ukimuuliza, anasema ni nyama. Anakunywa maziwa, kisha anatafuta sababu ya kutoka, maisha yake yote."

Mkono wa Veronica ulikuwa unaokota upawa kwenye maharage. Ukasimama hapo hapo. Akatazama mlango unaoelekea bondeni.

"Moses," akaita. Moses akachungulia, bado anapangusa macho. "Baba yako alirina asali mara ngapi kwenye ile mizinga?"

Moses akaacha kucheka. Akatazama dada yake, akatazama chini.

"Ile mizinga haikuwahi kuwa na nyuki, mama. Hata siku moja. Alinikataza kusema. Alisema ukijua hakuna nyuki, utamuuliza anakwenda kufanya nini."

Veronica akaanza kucheka. Alicheka kidogo kwanza, kwa puani, kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea, na katikati ya kicheko akawa analia, hajifichi. Miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amewaonea wivu nyuki ambao hawapo. Na mwanamume yule kila mara alirudi, amechoka, akasemwa mpaka jioni, na mwaka uliofuata akapokea tena kibuyu kwa mikono miwili akasema maziwa mazuri.

"Mwana wanje, Stanislaus," akasema kwa Kiha, kama anayemwita mwanawe. "Ungeniambia."

Careen, kwa kuona watu wazima wameharibika, akaweka jino lake mfukoni na kuendelea na mfupa.

Veronica akajipangusa kwa kanga ile ile aliyofutia masharubu ya mjukuu wake. Akaenda nyuma ya mlango, akatungua kibuyu, akakifungua. Akaingia nacho jikoni. Walimsikia akipuliza moto, akikoroga, akiimba nusu ya wimbo wa kanisani. Alipotoka, kibuyu kilikuwa na chai ya rangi yenye tangawizi na asali, asali ya kununua sokoni kwa watu wenye nyuki wa kweli.

Akampa Lusajo kwa mikono miwili, akasimama mbele yake akimtazama. Lusajo akanywa mpaka chini. Akarudisha kibuyu, akajifuta mdomo.

"Nzuri, mama," akasema.

Veronica hakuondoka. Aliendelea kusimama akimtazama, akasubiri. Lusajo akavuta sahani ya maharage, akajiongezea, akakaa palepale.