Mchunga Ng'ombe Aliyemtuliza Tomi

Ningekuwa natunga, ningetunga kisa cha kutisha zaidi ya hiki. Lakini mimi ni fundi cherehani tu wa hapa Kiseke, na haya yalinipata mwenyewe, jua likiwa bado halijazama. Usiponiamini, sitakulaumu.

Nilikuwa na mbwa, Tomi. Kila anayepita alimbwekea, kamba aliivuta mpaka bega likaniuma, wageni aliwarukia kifuani. Siku alipomwangusha mama jirani na ndoo yake ya maji, mwenyekiti wa mtaa akaja.

"Dada, kesho jioni nikute ameondoka. La sivyo tutamuua."

Ningefanya nini? Fimbo nilishajaribu, kumfunga kutwa nzima nilishajaribu. Alizidi ukali.

Jioni ile nikaenda naye ufukweni mwa ziwa, kumuaga. Mara akaacha kuvuta. Mbele yetu alisimama mzee mrefu, koti la kijivu, miguuni makubazi ya tairi. Tomi, aliyembwekea hata padri, akaketi bila kuambiwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hana ubaya. Anaogopa, na wewe unamwongezea woga."

Akachukua kamba. Tomi akivuta, mzee anasimama. Kamba ikilegea, wanatembea. Haukupita muda, Tomi akawa anakwenda ubavuni mwake. Alipomrukia, mzee akampa mgongo, kimya. Miguu yote iliporudi chini, akatoa dagaa mfukoni akampa. Kwa mbali akapita mwanamke na beseni la samaki. Kabla Tomi hajafungua mdomo, dagaa tena.

"Ajue mtu akipita, kuna kitu kizuri," akaniambia. "Ukimpiga, anajifunza kwamba mtu akipita ataumia. Wewe ungempenda huyo mtu?"

Kisha akapiga mluzi, unapanda halafu unashuka polepole. Niamini, mluzi ule ulinirudisha Kisesa, kijijini kwa babu yangu, nikiwa mdogo kabisa: vumbi la ng'ombe wakirudi zizini, harufu ya moshi na maziwa, mbwa wa babu wakitangulia mbio. Nikainama kufuta machozi. Nilipoinuka, kamba ilikuwa mkononi mwangu, na mzee hayupo. Pale ni mchanga mtupu, hakuna hata kichaka. Angejificha wapi?

Nyumbani nikamsimulia mama, alikuwa anapepeta mchele. Nilipoigiza ule mluzi, ungo ukamtoka mikononi.

"Huyo ni Luhende," akasema taratibu. "Alimchungia babu yako ng'ombe. Mbwa wote wa kwetu aliwafundisha yeye. Tulimzika hujaanza hata shule."

Akalia, kisha akacheka, akanisimulia habari za Kisesa mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake mwenyekiti alipobisha, nilikuwa tayari na dagaa. Tomi akabweka mara moja, akanitazama, akaketi. Mwenyekiti akatuongezea muda. Mengine yalichukua miezi ya kurudiarudia, lakini leo Tomi anapita katikati ya bodaboda ametulia. Ila kila tukishuka ufukweni jioni, huketi ghafla na kutikisa mkia mbele ya mahali pasipo na mtu. Nami husimama nikamwamkia mzee.

Kwa hiyo wewe mwenye mbwa msumbufu, weka fimbo chini. Na akitokea mgeni ambaye mbwa wako hambwekei, usiyaondoe macho kwake hata kidogo. Muulize jina, mshukuru akiwa bado yupo. Mimi sikuwahi.