Mkwe Wangu na Mbuzi Juu ya Magugu

Juzi nilikuwa mlangoni nachagua omena, dagaa wa ziwa letu, mjukuu wangu akaniuliza kama nawajua watu wanaoteleza juu ya barafu nyembamba. Nikamwambia barafu ninayoijua mimi ni ya kuwekea samaki. Akacheka. Akanieleza kwamba Ulaya ziwa huganda, watu huvaa viatu vyenye chuma chini na kuteleza juu yake. Barafu ikiwa nyembamba, mtu anazama. Ndiyo maana Waingereza husema hivyo juu ya yeyote anayejitia hatarini.

"Hapo nimekuelewa," nikasema. "Muulize baba yako."

Baba yake ni mkwe wangu, mchimba dhahabu wa Masara. Mara ya kwanza alipokuja kwangu Homa Bay kama mkwe, binti yangu alienda kusaga unga, tukabaki wawili: yeye sebuleni, mimi jikoni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai karibu, wala hawapeani mkono.

Basi kamba ya mbuzi wangu ikalegea, akachomoka, akaingia ziwani hapo nyuma ya nyumba. Magugu yanayoelea yalikuwa yamefunika maji, kijani kibichi, ungedhani ni shamba. Mbuzi ni mwepesi, akapita juu yake. Mimi na mwili wangu huu nikamfuata kwa hasira. Nikazama hadi kifuani, na miguu haikupata chini.

Nikapiga kelele. Mkwe akaja mbio, akasimama ufuoni, akaninyooshea fimbo huku ameangalia kando.

"Shika, Mama."

"Hiyo ni ya kufukuza kuku! Haifiki!"

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Lala kwa tumbo, uje!"

Akalala na suruali yake mpya ya ukweni, akatambaa. Magugu yakabonyea chini yake. Mkono wake ulipokaribia wangu, ukasimama. Nikaona anaogopa mkono wangu kuliko maji.

"Mwanangu, utaniua na heshima yako!"

Akafumba macho, akanivuta.

Ufuoni tulikaa mbalimbali, nguo zikichuruzika.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa wapi? Nenda ukanywe chai."

Mbuzi tulimkuta nyumbani, anakula maharagwe yangu.

Tangu siku hiyo hajanishika tena. Hunisalimia kutoka langoni, nami humjibu nikiangalia pembeni. Lakini kila akija, kabla hajaketi, huenda kwanza kukaza kamba ya mbuzi.